Vyuma vya gofu kwa anayeanza hapa Lubumbashi: angalia udongo kwanza, jina la kampuni baadaye

FundiGripu (mwanzisha uzi)

Wakubwa kwa wadogo, salamu.

Swali linalonirudia ni moja: "Fundi, nimeanza gofu juzi, ninunue vyuma gani ambavyo havitanitesa?" Vyuma ni zile fimbo zenye kichwa chembamba cha chuma, zinazopewa namba. Naandika jibu lote hapa ili atakayeuliza tena nimtumie uzi huu tu. Kwa wasionijua, nilibeba mifuko kama kedi tangu utotoni, leo nabadilisha gripu (ule mpira wa kushikia) na mipini ya fimbo za wenzangu. Siuzi seti, kwa hiyo hakuna kampuni ninayoipigia debe.

Nianze na udongo, maana ndio unaosahaulika. Wale wa kwenye video wanajaribu fimbo kwenye majani yanayomwagiliwa mwaka mzima. Lubum siyo hivyo. Kuanzia mwezi wa tano mvua inakata kabisa, na mpaka mwezi wa tisa ardhi yetu nyekundu imekakamaa kiasi kwamba fimbo ikigusa chini unasikia mshtuko mpaka kwenye viwiko. Mvua zikifunguka mwezi wa kumi na moja, palepale panakuwa laini na fimbo inazama. Chuma kinachokubeba mwezi wa pili kinaweza kukuaibisha mwezi wa nane. Mtu akikuambia "nunua chenye soli (sehemu ya chini inayogusa ardhi) pana kuliko vyote, ndicho rahisi", muulize kwanza anacheza wapi.

Sasa chuma chenyewe. Vile vya mabingwa, vinavyoitwa bledi, ni vyembamba, mgongo wake umejaa, uzito umekusanyika katikati. Ukipiga katikati ni raha tupu. Ukipigia kwenye ncha, kichwa kinajipinda, mpira unatoka kombo na kufia njiani. Vyuma vya huruma, yaani vinavyosamehe makosa, vimechimbwa mgongoni: uzito umetolewa katikati ukapelekwa kingoni, yaani kwenye ncha, kisigino na chini. Kichwa hakizunguki ovyo hata ukikosea, na kwa kuwa uzito umeshuka, mpira unapanda wenyewe bila wewe kuhangaika kuuinua. Aliyelisukuma sana wazo hili ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwei aliyekuwa mhandisi wa General Electric huko Marekani. Alianza na fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, yale majani mafupi penye shimo, mwaka 1959, ndiyo mwanzo wa Ping, na mwaka 1982 kampuni yake ikatoa vyuma vya Ping Eye 2 ambavyo mpaka leo vinazunguka mikononi mwa watu. Siku hizi karibu kila kampuni inachimba mgongo, hivyo hapo hamna ubishi. Bledi za baba mdogo zinazong'aa ziache ukutani.

Ubishi uko kwenye soli. Geuza fimbo, uangalie ile sehemu inayogusa ardhi, halafu weka vidole viwili juu yake, cha shahada na cha kati, vikiwa vimebanana. Soli ikiwa nyembamba kama kidole kimoja, hiyo ni ya wajuzi. Ikizidi vidole viwili, hiyo ni ile pana mno inayouzwa kwa maneno "huwezi kukosea". Kwenye tope ni kweli, haizami. Kwenye ardhi ya mwezi wa nane inadunda, makali ya chini ya fimbo yanapiga mpira tumboni, na mpira unakwenda ukitambaa kama panya kwa mita themanini. Unadhani kosa ni lako, kumbe nusu ya kosa ni la soli. Ninachowashauri watu wa hapa ni soli ya katikati: imezidi kidole kimoja, haijafikisha viwili, na ukingo wake wa nyuma umechongwa kidogo. Utapoteza huruma kidogo wakati wa mvua, utaipata kiangazi chote.

Baada ya soli, uliza digrii, yaani uso wa fimbo umelala kiasi gani. Namba iliyoandikwa kwenye fimbo haina maana kubwa siku hizi. Chuma namba 7 cha miaka ya themanini kililala digrii 35 hivi. Cha sasa, hasa vya wanaoanza, ni 28 hadi 30, sawa na namba 5 ya zamani. Ndiyo maana rafiki yako anatamba kwamba 7 yake inafika mbali. Shida inakuja chini ya seti. Ile yenye herufi P, inayofuata baada ya 9, imekazwa (imesimamishwa zaidi) mpaka digrii 43 au 44, na weji ya mchanga, fimbo fupi iliyolala sana unayonunua pembeni, ni 56. Hapo katikati pana pengo la digrii 12 au 13, zaidi ya mita thelathini, na ndipo unapojikuta mara nyingi ukikaribia grini. Ukinunua seti ya kisasa, hakikisha na ile weji ya digrii 48 hadi 50 ya seti hiyohiyo ipo. Muuzaji akisema imepotea, punguza bei au ondoka.

Mwisho mpini. Wengi wanaoanza hapa wanaletewa fimbo za mpini wa chuma kizito wenye herufi S, yaani mgumu, kwa sababu tu aliyeziacha alikuwa kijana mwenye nguvu. Mipini ya chuma iko kati ya gramu 90 na 130, ya grafaiti inashuka mpaka 60 na kitu. Ukifika shimo la kumi na mbili kwenye jua la mwezi wa kumi, hiyo tofauti utaijua. Kama 7 yako ikipigwa vizuri haifiki mita 120, chukua R (ya kawaida) nyepesi au ile A ya wazee, iliyo laini zaidi, bila aibu.

Ninavyoona mimi: nunua 6 mpaka P, weji ya katikati, weji ya mchanga, na haibridi moja (fimbo yenye kichwa kilichovimba nyuma) badala ya 4 na 5. Sheria inaruhusu fimbo 14, haikulazimishi kuzibeba zote.

---

MwanaKampemba

Yaya Fundi, asante sana. Miye nimeanza kazi kwenye kampuni ya migodi, wakubwa wangu wote wanacheza, jumamosi mazungumzo ya kazi yanahamia kule kwenye mtaa wa Golf. Nimejikuta sina namna. Makuta yangu ni kama dola 300. Kuna mtu ananiuzia seti mpya kabisa ya jina kubwa, bado iko na nailoni, kwa dola 250. Nichukue?

---

FundiGripu

Mdogo wangu, usichukue. Seti mpya ya mwaka huu, ya kampuni yoyote kubwa, huko inakotoka inauzwa zaidi ya dola 700 na mara nyingi inapita 900. Haiwezi kuvuka bahari, kulipiwa forodha na kukufikia kwa 250 na nailoni juu.

Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Vyuma vingi halali vya kuyeyushwa ni chuma cha pua cha aina inayoshika sumaku. Vile vya bandia vya bei rahisi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, sumaku inateleza tu. Halafu tazama maandishi karibu na shingo ya fimbo kwa tochi ya simu. Kwenye halali herufi zina kina sawa na rangi haijamwagika nje ya mfereji. Kwenye bandia utaona rangi imevuka, na ile pete nyeusi inayoungana na mpini ina mwanya unaoweza kuingiza ukucha. Zipange zote chini ukutani kwa mpangilio: urefu ushuke hatua kwa hatua, nusu inchi kila namba. Nimeona seti ambayo 8 ilikuwa ndefu kuliko 7.

Kwa dola 300 tafuta iliyotumika ya miaka kumi au zaidi iliyopita. Chuma hakiozi. Ping za mfululizo wa G, tuseme G15, G20 au G25, soli zake ziko pale pa kiasi nilipopasema. Callaway X-20 na X-22 pia hazina makuu. TaylorMade Burner za 2009 ni nzuri ila digrii zimekazwa, rudi juu usome habari ya weji. Nike waliacha kutengeneza fimbo mwaka 2016, watu wanazikimbia kwa hiyo bei yake imeanguka, lakini fimbo ni fimbo, mpira haujui kwamba kampuni ilifunga.

---

Kasumbalesa_Transit

Naongezea. Mimi navuka mpaka kila mara. Upande wa Zambia gofu ni ya siku nyingi: Ndola, Kitwe, Chingola, kila mji wa shaba una uwanja. Waulizeni kedi na walimu wa kule, ndio wanajua nani anabadilisha seti. Ila jamani, msibebe seti nne kwenye buti mkasema ni za kwenu. Tangazeni forodhani, lipeni, mpate karatasi. Fimbo moja iliyozuiliwa itakula muda na pesa kuliko ushuru wenyewe.

Halafu mkicheza Ndola mjue kuna vichuguu vikubwa katikati ya uwanja, virefu kuliko mtu. Soli pana haikusaidii kitu mpira ukilala nyuma ya kichuguu.

---

Mama_Ruashi

Fundi, habari za kazi. Mume wangu amenipa vyuma vyake vya zamani, anasema kwa mwanzo vinatosha. Mpira wangu haupandi, unakwenda chini chini tu, na bega linaniuma. Mwalimu anasema nipige kwa nguvu zaidi. Ninunue seti ya wanawake au nivumilie?

---

FundiGripu

Mama, heshima zako. Usivumilie, na mwalimu umwambie fundi amekataa. Mpini mzito na mgumu mikononi mwa mtu asiye na kasi hiyo haunyumbuki, kichwa kinachelewa, mpira hauwezi kupanda. Ukiongeza nguvu unaongeza maumivu tu.

Ila usikimbilie seti kwa sababu ina rangi ya zambarau na imeandikwa ya wanawake. Kuna akina mama hapa wanapiga kuliko sisi, na mpini wa L, ule laini wa wanawake, unawapeleka kushoto kila mara. Jaribu L na A, zote grafaiti, fimbo hiyohiyo namba 7. Ambayo mpira unapanda bila kukaza meno, hiyo ndiyo yako. Angalia na urefu: za wanawake kwa kawaida ni fupi inchi moja hivi, na wewe kama ni mrefu utaishia kuinama, mgongo nao uanze.

Na usibebe 5 wala 6 kabisa. Haibridi mbili, halafu 7 mpaka P. Uso wa haibridi una tumbo nyuma yake, uzito umekaa chini kabisa, mpira unatoka hata kwenye majani marefu ya mwezi wa pili ambako chuma kinanaswa.

Za mzee mrudishie kwa adabu.

---

Mwana_Lubum_Dar

Mtoto wa Lubum, sasa naishi Dar. Hili hamjaligusa: Lubum iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi, asilimia 4 au 5. Nilipofika pwani nikadhani nimeugua, 7 yangu imepungua mita kadhaa. Kwa hiyo msijilinganishe na majedwali ya mtandaoni ya mita ngapi kwa fimbo ipi.

---

FundiGripu

Kweli kabisa. Na huo ndio ugonjwa wa wanaoanza, kununua fimbo kwa mita. Anayeanza anahitaji umbali unaorudiwa. 7 inayokwenda 125, 122, 126 ina thamani kuliko inayokwenda 150 mara moja na 100 mara tatu.

---

Mtoto_wa_Gecamines

Fundi, umetaja Ping Eye 2. Mjomba wangu, mzee wa Gécamines (kampuni ya migodi ya shaba), ametuachia seti yake. Zina rangi kama ya shaba iliyochoka, na kila fimbo ina kitone cheusi. Kijana mmoja kaniambia ni za kutupa, hata sheria inazikataa. Naomba msaada.

---

FundiGripu

Usitupe! Hizo ni za shaba na berili, Ping walizitoa pamoja na zile za chuma cha pua. Sumaku haitashika na si bandia, kwa hiyo kanuni yangu ya sumaku hapo juu weka pembeni. Katika mji uliojengwa na shaba mtu atatupaje vyuma vya shaba?

Onyo moja, na hili nalisema kwa ukali: mtu asizipige tupa, asizisage, asizing'arishe kwa mashine. Vumbi la berili likivutwa linaharibu mapafu, ugonjwa wake hautoki. Kuzishika na kuzipigia mpira hakuna tatizo. Mimi mwenyewe nikiletewa nabadilisha gripu na mpini, kichwa sikigusi kwa chombo chochote cha kukwangua.

Kitone kinaonyesha mpini umeinama kiasi gani fimbo ikikaa chini: nyeusi ni ya kawaida, rangi nyingine ni zilizosimama au kulala zaidi. Mjomba wako alikuwa na umbo la kawaida au hakupimwa kabisa.

Habari ya sheria ina mkia mrefu. Mifereji ya usoni mwa Eye 2, ile mistari iliyochimbwa pale mpira unapogusa, ilikuwa na umbo la mraba, ikazua ugomvi mkubwa Marekani mpaka mahakamani. Mapatano yakaziruhusu zile zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Aprili 1990. Mwaka 2010 sheria mpya ya mifereji ilipoanza kwa wachezaji wa kulipwa, bingwa wa Marekani Phil Mickelson akatoa weji yake ya zamani ya Ping Eye 2 kwenye mashindano, watu wakapiga kelele, lakini alikuwa ndani ya haki yake. Wewe na mimi wa jumamosi hakuna atakayetukagua mifereji.

Kwa kuanzia zinafaa, tena soli zake zimechongwa vizuri kwa ardhi ngumu. Digrii ni za zamani, P yake iko karibu 50, kwa hiyo hutapata lile pengo la weji, ila wenzako watakuzidi mita na watakucheka. Waache. Gripu lazima zimekauka, hizo badilisha kwanza.

---

MwanaKampemba

Yaya, nimerudi. Nimepata mbili: G20 ya mpini wa chuma R, na Cleveland Launcher HB ya grafaiti. Bei karibu sawa. Ile Cleveland ni rahisi ajabu, niliipiga kwenye majani, kila mpira unapaa.

---

FundiGripu

Launcher HB kila kichwa kimevimba nyuma kama haibridi, soli yake itapita vidole viwili. Ulipiga wapi, kwenye majani yaliyomwagiliwa au kwenye kipara, udongo usio na majani? Rudi upige pale pekundu penyewe, halafu fanya hivi.

Chukua poda ya mtoto, pakaza kidogo usoni mwa fimbo kwa kitambaa. Piga mpira. Utaona duara safi pale mpira ulipogusa, ukubwa wa sarafu. Futa, pakaza, rudia. Fanya mipira kumi kwa kila fimbo na upige picha kila mara. Madoa yakitapakaa uso mzima, ncha, kisigino, chini, basi wewe ni wa huruma nyingi na Cleveland ina hoja. Yakikusanyika pamoja lakini karibu na ncha, shida si huruma, ni urefu wa fimbo au mwinamo wake ikikaa chini, na hiyo inarekebishika. Yakiwa chini kabisa ya uso kwenye udongo mgumu, na ni ile ya soli pana tu inayofanya hivyo, umeshapata jibu.

Kukaa kwa fimbo unaweza kukukagua mwenyewe: chora mstari wa wima kwenye mpira kwa kalamu ya wino mzito, uelekeze usoni mwa fimbo, piga. Wino utahamia. Mstari ukisimama wima kwenye uso, sawa. Ukiinama, niletee. Nitakuambia tu kwamba vyuma hivi vya kuyeyushwa ni vikaidi, digrii moja nakubali, mbili nasitasita, zaidi ya hapo shingo inaweza kukatika na sitaki lawama.

---

MwanaKampemba

Nimefanya leo asubuhi, kipara kabisa, upepo wa baridi. Cleveland: madoa saba kati ya kumi yako chini, mipira inatambaa. G20: yametapakaa lakini mengi katikati kuelekea ncha, mpira unapanda. Mikono imechoka kidogo na ule mpini wa chuma.

---

Mama_Ruashi

Chukua hiyo ya pili mwanangu. Na poda ya mtoto nimeijaribu na mimi, mume wangu kaniuliza naogesha nani.

---

FundiGripu

Mama, umeniua.

Kijana, chukua G20. Kuchoka kwa mikono tusubiri kidogo, wewe ni mgeni, misuli itazoea. Ukifika miezi kadhaa bado unachoka, tunaweza kuweka grafaiti kwenye vichwa hivyohivyo, ni kazi ya gundi na moto kidogo. Ila si sasa, hiyo pesa lipa masomo kwanza.

Kabla ya kutoa makuta kagua gripu. Jua la hapa linakausha mpira wa gripu, unang'aa na kuteleza, na mtu anayeteleza anakaba fimbo, anayekaba hapigi sawa. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi. Zikibaki zinang'aa baada ya kukauka, hizo zimekufa, mwombe muuzaji apunguze gharama ya gripu kwa kila fimbo. Kwa kuwa madoa yako yanaelekea ncha, usibadilishe gripu zote kabla hatujajua urefu wa fimbo unaokufaa. Njoo na ile 7 peke yake, nyingine ziache nyumbani.

---

Mkono_wa_Kushoto

Na sisi wa kushoto, Fundi?

---

FundiGripu

Nyinyi mwombeni Kasumbalesa_Transit. Hapa mjini zikitokea, nunua yoyote yenye mgongo uliochimbwa, halafu tutapanga baadaye.

---

Kasumbalesa_Transit

Niandikieni inbox, wa kushoto wote. Nikipata mbili au tatu kwa pamoja, tunagawana usafiri.